Kiraka na Kasoro ya Thelathini na Moja

Wiki iliyopita tulimwacha Kiraka kwenye kantini ya hospitali, kikombe cha chai kimegandia hewani mbele ya mdomo na macho yamemtoka pima. Mkaniandikia wengi. Kaona nini? Kaona jini? Kamwona mke wa mtu?

Hakuona kitu, jamani. Alikumbuka.

Alikumbuka kwamba ile ruta kubwa ya hospitali, mashine inayogawa mtandao, aliyoigusa dakika kumi na moja zilizopita, alikuwa ameiwekea saa. Na hiyo saa hakuifuta.

Kwa aliyejiunga nasi leo nitasema mara moja tu, kisha tukimbie. Mafundi wa mtandao wana desturi yao. Fundi akitaka kubadilisha kitu cha hatari ndani ya ruta, kwanza anaiamuru: baada ya dakika ishirini, jizime, ujiwashe upya. Akiharibu mambo akajifungia nje, ruta inajiwasha na kusahau upuuzi wake, maisha yanaendelea. Asipoharibu, anaifuta ile saa na kwenda zake. Desturi nzuri sana. Ina sharti moja: uikumbuke.

Kiraka hakuharibu. Video ya chumba cha upasuaji ilikuwa inakatakata, yeye akaipa njia yake peke yake, ikatulia, watu wakampigia makofi. Kichwa kikavimba. Akaenda kunywa chai.

Na pale juu ya meza ya upasuaji, saa nane hiyo ya mchana, alikuwa amelala nani? Mama mkwe wake.

Bibi huyu ana jicho moja tu linaloona. La kushoto lilikwisha zamani. La kulia ndilo lililokuwa chini ya kisu, na daktari wa hapa alikuwa akiongozwa hatua kwa hatua na daktari bingwa aliyekaa nchi nyingine, kwa video, kupitia ruta hiyo hiyo. Mama mkwe alikataa kupasuliwa miezi mitatu mizima. Aliyemlainisha ni Kiraka, kwa kinywa chake mwenyewe: "Mama, mtandao wangu haukatiki. Ukikatika, usinisamehe."

Zilikuwa zimebaki dakika tisa.

Kiraka alitoka kantini mbio, kikombe bado kiko mkononi.

"We! Kikombe changu!" mpishi akapiga kelele.

Hakugeuka. Kwa mkono wa pili alikuwa anampigia simu mkewe, aliyekaa nje ya chumba cha upasuaji mbele ya kioo.

"Mama yuko hatua gani?"

"Anaongea."

"Anaongea? Si anapasuliwa?"

"Wamemtia ganzi ya jicho, si ya mdomo. Sasa hivi anamsimulia daktari jinsi nilivyomkataa mwanajeshi nikaolewa na mtu wa nyaya."

"Mpe Sista simu. Upesi!"

Sista wa upasuaji hakuwa mtu wa salamu. "Sema."

"Sista, mkiambiwa msimame dakika saba, mnaweza?" Saba ndizo ruta huchukua kuzima na kuwaka.

"Tusimame wapi? Daktari ana chombo ndani ya jicho la mtu! Utando mbaya ulioota nyuma ya jicho umebanduka nusu, nusu bado. Anahitaji robo saa, na bingwa asitoke machoni mwake hata kidogo."

"Na video ikikatika?"

Kiraka akasikia mashine ikilia tii, tii, tii.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Usiniulize tu! Operesheni hii daktari wetu anaifanya mara ya kwanza. Bila yule bingwa, jicho linaondoka."

Zilibaki dakika saba.

Chumba cha mitambo kina upana wa stoo ya kuwekea mafagio na baridi ya kumfanya mtu ajute. Kiraka aliingia kwa bega, akaketi mbele ya kompyuta, akaingia ndani ya ruta. Kwenye skrini pakatokea maandishi ya makaribisho: KARIBU. TOLEO LA SABA. Ndilo toleo la programu yake.

Pembeni ya skrini, limefungwa kwa kamba ili asitokee wa kuliiba, lilining'inia Daftari la Kasoro. Lilianzishwa na Babu Kebo, fundi aliyestaafu. Kila ugonjwa wa programu ya ruta ulioonekana hospitalini uliandikwa humo kwa namba, na chini yake namna ya kuuzunguka, ambayo Babu Kebo aliiita mchepuko. Mnakumbuka mke wa Kiraka alivyolikuta daftari hilo nyumbani, kabla halijafungwa kamba, limeandikwa "Orodha ya michepuko yetu, thelathini na miwili mpaka sasa." Kiraka alilala kochini wiki mbili.

Alifungua ukurasa wa kasoro ya thelathini na moja.

"Toleo la sita. Ukifuta saa ya kujiwasha upya wakati mtu mwingine yumo ndani ya ruta, ruta inaganda palepale. Mchepuko: mwombe mwenzio atoke kwanza. Ukimtoa kwa nguvu, soma kasoro ya thelathini na mbili."

Kasoro ya thelathini na mbili ilikuwa fupi. "Ukimtoa kwa nguvu, inaganda vilevile. Mchepuko: nilikwambia umwombe."

Kiraka alishusha pumzi. Hiyo ni ya toleo la sita, na skrini inasema toleo la saba, ambamo kasoro hiyo ilishatibiwa. Akaandika amri ya kufuta saa. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha enta.

Kikasimama unywele mmoja juu yake.

Asubuhi si ilikuwa toleo la sita? Na ruta haipandi toleo bila kuzimwa, na hii haijazimwa mwaka wa pili huu. Akaifuta ile amri, akaiuliza ruta yenyewe, si kibao cha makaribisho: wewe ni toleo la ngapi?

Ruta ikajibu: la sita.

Yale makaribisho yalikuwa ni maneno tu. Mtu kayaandika kwa mkono wake, leo hii.

"Mshenzi gani huyu?" Kiraka akasema peke yake.

Akaitaka ruta imtajie waliomo ndani. Walikuwa wawili. Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni Mkuu wa kitengo chake, ambaye tangu juzi yuko kijijini, kafiwa na shangazi. Shangazi huyo, kwa kumbukumbu za Kiraka, huu ni msiba wake wa tatu.

Akampigia kwa simu ya ukutani, ile yake akiiacha wazi kwa mkewe.

"Mkuu, pole na msiba. Toka kwenye ruta."

"Ruta gani? Mimi niko kijijini, mtandao wenyewe huku..."

Ndani ya simu spika ya hospitali ikanguruma: mwenye gari lililoziba njia ya ambulensi aje alitoe! Sekunde hiyo hiyo spika iliyo juu ya mlango wa Kiraka ikanguruma maneno hayo hayo.

"Hicho kijiji kina ambulensi yetu?"

Mkuu akakata simu.

Dakika tano. Kiraka akatazama ni tundu gani la ukutani ambalo Mkuu amechomeka waya wake. Ghorofa ya pili, stoo ya mafaili. Akapanda ngazi tatu tatu, kikombe kakikamata tena bila kujua, chai inamwagikia suruali. Njiani akasikia sauti ya mama mkwe ikitoka kwenye simu ambayo mkewe hakuikata: "Na kupika hajui! Nyaya tu!" Siku nyingine angenuna. Leo aliomba Mungu aendelee kusemwa hivyo hivyo, maana anayesema bado anaona.

Mkuu alikuwa amekaa chini nyuma ya kabati la mafaili ya wagonjwa waliokwisha kufa, laptopu mapajani, kama mtu aliyejificha na sufuria ya nyama.

"Toka kwenye ruta!"

"Pole pole, ndugu yangu. Nieleweshe."

"Hakuna kueleweshana! Nimeweka saa, nimesahau kuifuta. Zimebaki dakika nne, ruta inajizima. Mama mkwe wangu jicho liko wazi mezani. Na wewe ukiwemo ndani siwezi kuifuta, itaganda. Kasoro ya thelathini na moja!"

"Hiyo si ilitibiwa kwenye toleo la saba?"

"Toleo la saba liko wapi, Mkuu?"

Mwaka jana Mkuu alimwambia Bi Mkurugenzi kwamba ameipandisha ruta toleo la saba, usiku na mchana, bila kulala. Akapewa cheti cha mfanyakazi bora, picha yake ikatundikwa mapokezi, tai nyekundu. Kumbe hakupandisha hata feni. Na leo saa tisa Bi Mkurugenzi analeta wageni waione hiyo ruta.

"Nilikuwa naweka tu yale maandishi yakae vizuri," Mkuu akasema. "Kidogo tu nimalize, nihifadhi..."

"Mkuu! Jicho la mtu!"

Kiraka alimrukia. Mkuu akapatwa na kiwewe, akafanya jambo ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi. Akaifunga laptopu, pah!

"Haya! Nimetoka!"

"Hujatoka!" Kiraka karibu alie. "Umefunga kompyuta! Ruta haijui kama umefunga kompyuta, inakuhesabu bado umo ndani kwa dakika kumi nzima!"

"Nifungue?"

"Fungua!"

Akafungua. Skrini nyeusi. Kisha likatokea duara dogo linazunguka, na maneno: tafadhali usizime, tunaandaa kompyuta yako.

Kiraka hakumtukana. Hakuwa na muda. Aligeuka akashuka ngazi, na Mkuu nyuma yake anahema, anaita "Ndugu yangu, ndugu yangu," kama kweli wamezaliwa tumbo moja.

Dakika mbili na nusu.

Kwenye chumba cha mitambo akampigia Babu Kebo kwa ile simu ya ukutani. Mzee alikuwa nyumbani anatengeneza banda la kuku, nyundo inagonga.

"Shikamoo Babu! Thelathini na moja, na mtu kafunga laptopu yumo ndani!"

"Marahaba. Mkuu?"

"Umejuaje?"

"Ni nani mwingine." Nyundo ikanyamaza. "Umebakiwa na muda gani?"

"Dakika mbili! Babu, sikiliza. Kuifuta saa haiwezekani. Je, nikiisogeza? Niiambie ruta isijizime sasa, ijizime baada ya saa nzima, jicho limeshafungwa? Sifuti, naweka mpya juu ya ile ya zamani."

"Kwenye daftari imo?"

"Haimo."

"Basi ni mawili. Ama haijamtokea mtu, ama aliyetokewa aliona haya kuandika."

"Babu, hilo si jibu!"

"Mwanangu, ningekuwa na jibu si ningeliandika? Jaribu. Na ikiganda, uandike imeganda."

Dakika moja. Kiraka akaandika: jiwashe upya baada ya dakika sitini. Akasoma mara ya kwanza. Akasoma tena. Mkuu akamsogelea begani, naye akasoma.

"Usinihemee shingoni!"

Sekunde arobaini. Kiraka alimwona akilini mama mkwe, gizani, akipapasa ukuta wa nyumba yake kutafuta mlango wa jiko, kila siku, mpaka kufa. Na kila mlango atakaoukosa, atalaani jina la Kiraka. Machozi yakamtoka hivi hivi, mtu mzima.

Akabonyeza.

Skrini ikatulia. Kile kimstari kinachopepesa kikaacha kupepesa.

"Imeganda," Mkuu akanong'ona.

Kwenye simu mkewe akapiga ukelele: "Picha imesimama! Baba watoto, yule bingwa hatikisiki!"

Kiraka alishika kabati la mitambo asianguke.

"Ah," mkewe akasema. "Kumbe alikuwa anafikiri. Anaendelea."

Na kimstari kikapepesa. Chini yake ruta ikaandika, bila haraka, bila aibu: nitajiwasha upya baada ya dakika sitini.

Kiraka alikaa sakafuni. Mkuu naye akakaa. Hawakutazamana. Dakika nane baadaye Sista alishika simu mwenyewe.

"Utando umetoka wote. Jicho zima. Kesho tunafungua bendeji. Na nimempigia Bi Mkurugenzi nikamweleza maswali yako. Anakuja wodini."

Akakata.

Mkuu alikuwa wa kwanza kusimama. Alifunga mlango, akauegemea, akashusha sauti.

"Sikiliza, tusaidiane. Wewe hukuniona kule stoo. Na mimi sijui kama kulikuwa na saa. Tunasema ni kasoro mpya ya ruta. Kasoro ya thelathini na tatu. Ruta ilijiamulia yenyewe kutaka kuzimika, wewe ukaiwahi. Unatoka shujaa. Mama mkwe wako atakuchinjia mbuzi."

"Niandike uongo humu?"

"Ni daftari tu!"

Kiraka akalitazama lile daftari. Halikuwa daftari tu. Mwaka wa kwanza kazini, siku ambayo mtandao wa maabara nzima ulizimika, aliokolewa na mistari miwili ya Babu Kebo. Aliifuata bila kuuliza kwa sababu alijua mzee hakuandika asichokiona. Fundi atakayekuja kesho naye atafuata hivyo hivyo. Atahangaika kuitibu ruta ugonjwa isio nao, na ule ilio nao ataulea.

Lakini shujaa! Miaka saba ya ndoa hajawahi kuwa shujaa wa mtu, sembuse wa yule mama. Sitawaficha, wasomaji wangu, alilitaka jina hilo. Alifungua kamba, akachukua daftari na kalamu, akatoka, na Mkuu nyuma yake anatabasamu.

Wodini walimkuta mama mkwe kwenye kiti cha magurudumu, jicho la kulia limefungwa bendeji nene, la kushoto linatazama bila kuona. Mkewe Kiraka amesimama nyuma ya kiti. Bi Mkurugenzi amesimama mbele, miwani juu ya paji la uso. Huyo ni mama asiyepaza sauti, na watu wanamwogopa zaidi kwa hilo.

"Yuko wapi mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Mwanao yupi, mama?" mkewe Kiraka akasema. "Mimi niko hapa."

"Si wewe. Yule wa nyaya."

Kiraka akasogea. Mama mkwe akapapasa hewani, akaukamata mkono wake, akaushika kwa vidole vikavu. Hajawahi kumshika mkono tangu siku ya harusi, na siku hiyo alikuwa anapigwa picha.

"Daktari kaniambia picha haikukata hata mara moja," akasema. "Nami nilikusema vibaya humo ndani mpaka koo likakauka. Nisamehe, baba."

Kiraka alitamani sakafu ifunguke. Alijisikia vizuri kuliko siku zote za maisha yake, na vibaya kuliko siku zote, vyote kwa pamoja.

"Sista anasema uliuliza kuhusu video kukatika," Bi Mkurugenzi akaanza. "Huu ni mwili wa mtu. Kulikuwa na nini?"

"Kasoro, Bi Mkurugenzi!" Mkuu akadakia. "Kasoro mpya kabisa ya ruta! Kijana kaiwahi. Anaiandika sasa hivi kwenye daftari letu, utaratibu wetu ndio huo."

"Wewe si uko msibani?"

"Nimerudi, Bi. Nilisikia kuna tatizo."

"Aandike, basi. Nitasoma alichoandika yeye."

Wote wakamgeukia Kiraka. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kuandikia, maana wa pili mama mkwe hakuuachia. Akaweka daftari juu ya meza ya dawa. Kalamu ikagoma, akaitikisa, ikakubali. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa na Babu Kebo.

"Kasoro ya thelathini na tatu. Ruta haikuwa na kosa. Fundi aliweka saa akasahau kuifuta, nusura mgonjwa apoteze jicho. Fundi ni mimi. Aliyekuwemo ndani ya ruta wakati huo ni Mkuu wa kitengo, akiandika makaribisho ya toleo ambalo hatuna."

Pale penye mchepuko hakuandika kitu.

Mkuu, aliyekuwa anachungulia, alianza kurudi nyuma hatua moja moja kuelekea mlangoni. Bi Mkurugenzi alishusha miwani puani. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo.

"Mlango huo ufungwe," akasema, bila kuinua macho. Sista akaufunga.

"Mbona mmekuwa kimya?" mama mkwe akauliza. "Kaandika nini mwanangu? Nisomeeni na mimi nisikie sifa zake."

Bi Mkurugenzi akalinyoosha lile daftari juu ya kiti cha magurudumu, akampa mkewe Kiraka.

"Msomee mama yako," akasema.

Mke wa Kiraka alipitisha macho kwanza, midomo inacheza. Alipofika mstari wa tatu midomo ikaacha kucheza. Akamtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kiraka akaitikia kwa kichwa: soma.

Vidole vya mama mkwe vilikuwa bado vimeukaza mkono wake. Mkewe akaanza kusoma kwa sauti.